Kutaka maisha bora si dhambi, tatizo ni njia

 

Ndugu msomaji, Ijumaa moja ya mwezi wa Julai, katika ile baridi ya huku kwetu ambayo mgeni akija na shati moja anajuta, kijana mmoja anayeuza mitumba karibu na stendi ya Makambako alinisubiri nje ya msikiti. Tuliposalimiana akanivuta pembeni.

“Ustadh, nina swali, lakini naogopa utaniona nimeharibikiwa,” alisema.

“Uliza, mdogo wangu. Swali haliharibu mtu,” nikamjibu.

“Khatibu leo kahutubia juu ya kuipa nyongo dunia. Mimi kila nikiamka nawaza nitatoka lini kwenye turubai niwe na fremu yangu. Nawaza kumtoa mama kwenye nyumba ya nyasi kule kijijini. Je, hii ni imani kupungua?”

Nilimjibu haraka kwamba hapana, haki ya mama ni kubwa na fremu si haramu. Lakini hakuridhika. Akaongeza la pili: “Sasa mbona hapa mjini kila mwenye duka kubwa anasemwa ana ndagu? Ina maana kwa jasho tupu mtu hatoki?”

Wasomaji wa mikoa mingine wajue kuwa ndagu ni neno la huku Nyanda za Juu Kusini, lenye maana ya dawa ya utajiri inayochukuliwa kwa mganga, na mara nyingi kwa sharti zito. Swali hili la pili sikulijibu siku ile. Nilimwambia nitalifanyia kazi. Makala hii ndiyo jibu langu kwake, na kwa vijana wengine wenye swali kama lake ambao wameona haya kuuliza. Ndani yake mna jambo moja linalonihusu mimi mwenyewe, ambalo si la kujisifu nalo.

Hamu ya kuinuka imo ndani ya dini

Kwanza tuweke msingi. Khatibu hakukosea. Kuipenda dunia mpaka ikamsahaulisha mtu akhera ni maradhi, na Qur’an imeonya katika Suratut-Takaathur (102) juu ya watu wanaoshughulishwa na kushindana kwa wingi wa mali mpaka wanaingia makaburini. Lakini Qur’an hiyo hiyo, katika Suratul-Jumu’a (62:10), imetuamuru swala ikiisha tutawanyike katika ardhi tutafute fadhila za Allah, na tumkumbuke kwa wingi. Tazama mpangilio huo. Aya iliyotangulia inaamrisha kuacha biashara adhana inapoitwa, na hii inaamrisha kuirudia. Wengi wetu tumeshika nusu. Wapo wasiofunga duka adhana inapoitwa, na wapo ambao swala ikiisha hukaa barazani mpaka Alasiri wakizungumza habari za watu wenye maduka.

Katika Suratul-Qasas (28:77) muumini anaelekezwa aitafute akhera kwa kile alichopewa, bila kusahau fungu lake la dunia, awafanyie wengine wema kama Allah alivyomfanyia yeye, na asitafute ufisadi katika ardhi. Na katika Suratur-Ra’d (13:11) tunafundishwa kuwa Allah habadilishi yaliyopo kwa watu mpaka wao wabadilishe yaliyomo nafsini mwao. Mabadiliko huanzia nafsini, na moja ya yanayokaa nafsini ni hiyo hamu. Mtu aliyeridhika kuombaomba hali ana mikono miwili mizima hajafika daraja ya zuhudi, bali amekata tamaa na kukata tamaa huko akakupa jina la dini.

Tazama maswahaba. Abdulrahman bin Auf (r.a.) alifika Madina akiwa Muhajirina aliyeacha mali yake Makka. Mtume (s.a.w.) akamuunganisha undugu na Saad bin Rabii (r.a.), mmoja wa matajiri wa Kiansari. Saad akajitolea kumgawia nusu ya mali yake. Hebu jiulize, ungekuwa wewe ungefanya nini? Abdulrahman alimuombea dua ya baraka, kisha akaomba aonyeshwe njia ya sokoni. Imesimuliwa na Bukhari kuwa alirudi na faida ya samli na jibini. Hazikupita siku nyingi akaoa kwa mahari ya dhahabu. Mtu huyu ni katika wale kumi waliobashiriwa Pepo. Hamu yake ya kuinuka haikumtoa katika dini, bali ilimuepusha na kuwa mzigo kwa ndugu yake.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha pia, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, kuwa ni bora mtu achukue kamba akakate kuni na kuzibeba mgongoni kuliko kuomba watu, wampe au wamnyime. Sisi watu wa Njombe tunaijua kazi ya kuni na mbao. Kwa hiyo hadithi hii imetufikia mpaka mlangoni.

Makambako: Shule isiyo na ubao

Tuje sasa kwenye mji wetu. Makambako haina bahari, na haikujengwa juu ya machimbo ya dhahabu. Ilichojaaliwa ni njia. Barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia inapita hapa, na hapa hapa inachepuka barabara ya Njombe na Songea. Reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, nayo ina stesheni hapa. Viazi mviringo, mbao, mahindi, na siku hizi maparachichi, vinashuka kutoka Njombe, mwendo wa takriban kilomita 60. Nguo, vyombo na vifaa vya ujenzi vinapanda kutoka Dar es Salaam. Panapokutana njia, panakutana wanunuzi na wauzaji.

Lakini njia peke yake haimtajirishi mtu. Wapo waliozaliwa pembezoni mwa barabara hii na wamebaki kuhesabu malori yanayopita. Waliosifika kwa kuitumia vizuri ni ndugu zetu Wakinga, ambao asili yao si hapa bali ni milima ya Makete. Kule kuna baridi kali na miteremko mirefu, na zamani barabara zilikuwa za shida. Watu walitoka kwa miguu kwenda kutafuta vibarua. Leo ukienda Makambako, Njombe mjini, Mbeya, Iringa mpaka Kariakoo utawakuta madukani.

Mimi ni mzaliwa wa Tunduru, nimesoma Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, na nilipopangiwa kazi huku nilikuja na udadisi wangu. Nilimuuliza mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, jirani yangu, Mkristo, siri ya watu wake ni nini. Alicheka. Kisha akanisimulia alivyotoka kijijini akiwa kijana mdogo, akapokelewa na baba yake mdogo mwenye duka. Kwa miaka sita alifungua mlango alfajiri, akafagia, akabeba mizigo, akalala stoo juu ya maboksi. Mshahara hakuwa nao. Alikula, alivaa, na alijifunza. Alijifunza bidhaa ipi inatoka msimu gani, mteja yupi anakopesheka na yupi hakopesheki, na kwamba pesa ya mauzo si pesa ya faida. Mwaka wa saba baba yake mdogo akamwambia, “Sasa nenda kasimame,” akampa mzigo wa kuanzia. Na yeye alipotulia alimleta kijana mwingine kutoka Makete. Mpaka tunazungumza alikuwa ameshawasimamisha wanne.

“Mwalimu,” aliniambia, “watu wanaona duka. Ile miaka sita hawaioni.”

Ndugu msomaji, hii ni shule kamili. Ina mwalimu, ina mitihani, na ina mahafali. Hamu ya kijana ni nauli tu ya kumfikisha pale, na kinachomvusha ni subira, uaminifu na kuweka hesabu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na pia kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Vijana wetu wengi wanakitaka cha mvunguni, lakini kuinama kwa miaka sita wanaona ni kudhalilishwa.

Mtu asiseme, “Ustadh anatupeleka kujifunza kwa wasiokuwa Waislamu.” Mtume (s.a.w.) katika safari ya Hijra, safari nzito kuliko zote, alimkodi kiongozi wa njia ambaye hakuwa Muislamu, kwa sababu alizijua njia na alikuwa muaminifu. Na sisi katika kuijua njia ya soko tunaweza kumuuliza anayeijua.

Ndagu: Imani iliyoua watoto

Sasa nije kwenye swali la pili la yule kijana. Jirani yangu yule anasemwa mjini kwamba ana ndagu. Hakuna aliyeona. Wanaomsema hawajawahi kuamka saa kumi na moja alfajiri wakamkuta anafungua mlango.

Maneno haya si mzaha wa kijiweni. Mwezi Januari mwaka 2019 mkoa wetu wa Njombe uligubikwa na msiba ambao dunia nzima ilisikia. Miili ya watoto wadogo ilianza kuokotwa, mingine ikiwa imenyofolewa viungo. Serikali yenyewe ilieleza kuwa mauaji hayo yalihusishwa na imani za kishirikina za kutafuta mali. Waganga wa kienyeji wakasakwa na kukamatwa. Wazazi wakawa wanawasindikiza watoto shuleni na kuwasubiri kurudi nao. Nakumbuka asubuhi moja nilimuona baba mmoja amemshika mtoto wake mkono kwa nguvu mpaka mtoto analia kwa maumivu, na baba hasikii.

Tujiulize. Aliyefanya unyama ule alikuwa anatafuta nini? Alitaka maisha bora, kile kile anachokitaka muuza mitumba wetu. Hamu ilikuwa moja. Kilichowatenganisha ni Tauhidi. Yule mmoja anaamini kuwa rizki imo mikononi mwa mganga na inanunuliwa kwa damu. Muumini anajua, kama ilivyo katika Suratudh-Dhaariyaat (51:58), kuwa Mtoaji riziki ni Allah peke yake. Ndio maana Mtume (s.a.w.), katika hadithi iliyopokewa na Muslim, ameonya kuwa anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, swala yake haikubaliwi siku arobaini. Kama kuuliza tu ni hivyo, vipi anayetoa kafara?

Na hapa nataka tuwe wakweli sisi kwa sisi. Kuna Waislamu ambao mganga hawaendi, lakini kila jirani akijenga wanasema “huyo kaenda Sumbawanga” au “huyo ana ndagu.” Hawajui kuwa wao na yule mteja wa mganga wana itikadi moja. Wote wawili wanaamini kuwa jasho la halali halizai matunda. Mmoja ameifanyia kazi itikadi hiyo, mwingine anaitangaza. Na kijana wa miaka kumi na saba anayesikia kila siku kuwa hakuna aliyetoka kwa jasho, ipo siku ataamini, na akishaamini atautafuta mlango wa mganga. Suratul-Hujuraat (49:12) imekataza dhana mbaya na kusengenya katika aya moja. Ndugu zangu, tusiwaandalie waganga wateja kwa ndimi zetu.

Lumbesa yangu

Nilisema lipo jambo linalonihusu. Nalieleza kwa sababu nimechoka kusoma makala ambazo mwandishi ni msafi na wakosaji ni wasomaji.

Miaka michache iliyopita mke wangu alikuwa mjamzito wa mtoto wetu wa pili, na tulikuwa tunaishi chumba kimoja na sebule. Mshahara wa mwalimu mnaujua. Nikaamua kuingia katika biashara ya viazi. Nia yangu niliiona njema, na nilisoma hadithi aliyoipokea Tabarani kuhusu mtu aliyepita mbele ya maswahaba akiwa na nguvu na bidii, wakatamani bidii ile ingekuwa katika njia ya Allah. Mtume (s.a.w.) akawafahamisha kuwa kama ametoka kuwahangaikia watoto wake wadogo, au wazazi wake wazee, au kujizuia nafsi yake na kuomba, basi yumo katika njia ya Allah, na kama ametoka kwa kujionyesha na kujifakharisha, basi yumo katika njia ya shetani. Nikasema, mimi ni katika wale wa kwanza.

Nikapata dalali, tukaenda kijiji kimoja cha Njombe, kwa mama mmoja mjane wa Kibena. Tulimsalimia kamwene, akatukaribisha, akatuchemshia viazi. Tukakubaliana shilingi elfu arobaini kwa gunia, magunia ishirini. Kisha vijana wa dalali wakaanza kujaza. Gunia likijaa wanaliongezea juu, wanashindilia, wanalishona kwa kamba mpaka linakuwa na kichwa kama mtu aliyevaa kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa. Gunia la kilo 100 linabeba kilo 130 na zaidi, na bei ni ile ile ya gunia moja.

Yule mama alisimama akitazama. Akaniambia kwa upole, “Mwalimu, mwanangu, hayo magunia yako mbona yana njaa sana?”

Dalali akacheka. Nami nikacheka. Nikamwambia, “Mama, ndivyo soko lilivyo.”

Hakusema tena. Alikuwa anahitaji ada ya mjukuu. Viazi vikafika Dar es Salaam, vikauzwa, nikapata faida. Nikamshukuru Allah, na nikatoa sadaka msikitini. Moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Wiki chache baadaye nilikuwa na Kidato cha Tatu, kipindi cha Elimu ya Dini ya Kiislamu, tunaisoma Suratul-Mutaffifiin (83). Niliwaeleza wanafunzi jinsi Allah alivyowaonya kwa adhabu kali wale ambao wakipokea kipimo kwa watu wanataka kitimie, na wakiwapimia wao wanapunguza. Binti mmoja, ambaye wazazi wake ni wakulima, akanyoosha mkono.

“Ustadh, na lumbesa imo?”

Darasa lote likanitazama. Hawakujua lolote kuhusu viazi vyangu. Nilitaka kuwaambia kuwa mambo ya soko ni makubaliano ya pande mbili, ulimi ukagoma. Makubaliano gani? Mjane mwenye ada mkononi na dalali mwenye lori, nani kati yao ana uwezo wa kukataa? Nikasema, “Imo.” Kisha nikaandika ubaoni, ili wasinione uso.

Lumbesa imekatazwa hata na sheria ya nchi. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ipo, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukiwaelimisha wakulima na kuwakamata wafanyabiashara. Lakini mimi sikuhitaji Wakala wa Vipimo. Nilikuwa na sura nzima niliyoihifadhi tangu madrasa. Nabii Shuaibu (a.s.) alitumwa kwa watu wa Madyan, na pamoja na kuwalingania Tauhidi aliwakataza kupunja vipimo (11:84-85). Mtume mzima wa Allah, na katika ujumbe wake mna habari ya mizani!

Usiku ule nilipiga hesabu. Kilo 30 zilizozidi mara magunia ishirini ni kilo 600, sawa na magunia sita. Magunia sita kwa elfu arobaini ni shilingi laki mbili na arobaini elfu. Kwa mwalimu, na mtoto ameshazaliwa, hiyo si pesa ndogo, na sehemu kubwa ya faida ilikuwa imeshaingia katika matofali. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho akasema, “Baba, hayo matofali tutalala ndani yake vipi?” Nikaanza kulipa. Nilipeleka nusu mwezi ule, na nusu iliyobaki baada ya miezi mitatu.

Yule mama aliponiona na pesa alishangaa. “Mwalimu, hii ya nini? Mbona wote wanafanya hivyo, na wengine wanakuja wamevaa kofia kama yako?”

Msomaji, neno hilo la kofia sijalisahau. Sisi Waislamu katika mkoa huu ni wachache. Watu wengi hawatausoma Uislamu vitabuni. Watausoma katika gunia.

Sitawadanganya kwamba baada ya hapo mali ilimiminika. Msimu uliofuata nilikwenda na mzani. Madalali wawili walinikataa, na faida ilikuwa nyembamba kuliko ya mwanzo. Nyumba yangu mpaka leo haina dari. Ila yule mama na jirani zake wananiwekea viazi vizuri, na wananiuzia kwa mkopo nikiwa sina, jambo ambalo matajiri wenye malori hawafanyiwi. Hilo nalo ni mtaji, na halikatwi ushuru.

Mkopo wa kukausha damu

Mlango mwingine ambamo hamu ya maisha bora inapotelea ni riba. Hili silirefushi kwa kuwa limeandikwa sana. Akina mama wa sokoni na vijana wa bodaboda wanachukua mikopo ambayo wenyewe wameipa jina la “kausha damu”, na jina hilo linatosha kuwa tafsiri. Allah (s.w.) ametangaza vita dhidi ya wanaong’ang’ania riba (2:278-279), na ameitenga biashara na riba kwa kuihalalisha ile na kuiharamisha hii (2:275).

Lakini haitoshi kumwambia mama mwenye genge “usichukue riba, ni haramu” kisha tukaenda zetu. Tumempa nini badala yake? Amana Bank ilipoanza mwaka 2011 kwa misingi ya Kiislamu tulifurahi, na ni haki kufurahi. Ila mwenye mtaji wa laki moja hahitaji kwanza jengo la benki. Anahitaji ndugu.

Tufanye nini?

Napendekeza mambo matatu, yote yako ndani ya uwezo wetu wa Njombe na Makambako.

Kwanza, kila Muislamu mwenye duka, shamba la parachichi au mashine ya mbao amchukue kijana mmoja, amfundishe, na baada ya muda unaojulikana amsimamishe. Jambo hili linaujia karibu utaratibu wa mudharaba, ambapo mmoja anatoa mali na mwingine anatoa kazi na uaminifu wake. Mtume (s.a.w.) mwenyewe kabla ya utume alisafiri kwenda Sham kwa mali ya Bi Khadija (r.a.). Uaminifu wake ndio uliokuwa mtaji wake. Tofauti na ilivyozoeleka, nashauri muda na malipo ya kijana viandikwe mapema, maana Qur’an imetuamuru kuandikiana (2:282), na wapo matajiri waliowatumikisha vijana miaka kumi kisha wakawatoa mikono mitupu. Hiyo ni dhulma, hata ikiitwa mafunzo.

Pili, zaka ya mali ya biashara. Duka lililofikia kiwango cha thamani ya gramu 85 za dhahabu na kupitiwa na mwaka lina haki ya asilimia mbili na nusu ya masikini ndani yake. Tukiikusanya pamoja, mama mmoja wa genge kila mwaka anaweza kutolewa katika kausha damu.

Tatu, mizani. Muislamu wa Makambako ajulikane kwa mzani kama anavyojulikana kwa kofia.

Kwa yule kijana wa mitumba nasema: mdogo wangu, endelea kuamka na mawazo yako ya fremu na ya mama yako. Hiyo hamu ni neema, usiizime. Lakini kila jioni iulize maswali mawili: leo imenipeleka kwa nani, na imemuacha vipi niliyefanya naye biashara? Ikikuambia kuwa kuna njia ya mkato, kumbuka watoto wa Njombe. Ikikuambia kuwa ndivyo soko lilivyo, kumbuka kwamba mwalimu wako aliwahi kusema maneno hayo hayo, na akayalipia laki mbili na arobaini elfu kwa awamu mbili. Namshukuru Allah kwamba niliyalipa hapa duniani, kwa shilingi. Kule tunakokwenda dhulma hulipwa kwa swala na funga za mtu, na zikiisha hubebeshwa madhambi ya aliyemdhulumu.

Tunamuomba Allah (s.w.) aturuzuku rizki ya halali yenye baraka, atuepushe na umasikini unaotutia katika ukafiri na utajiri unaotutia katika kiburi, na awarehemu wazazi waliopoteza watoto wao kwa subira na malipo mema. Amin.